Anayesukuma Maji

Kila alfajiri, baada ya sala, natoka kutembea. Naanzia Mkomani, nashika Barabara ya Links, na nikijaliwa nguvu nafika hadi Daraja la Nyali kabla jua halijapanda. Daktari aliniambia ninywe maji zaidi na niongeze mwendo, nami nimetii. Njiani naonana na wenzangu, viatu vya mazoezi miguuni na chupa za maji mikononi. Naonana pia na watu wa Kisauni na Kongowea wanaovuka daraja kwa miguu kwenda kisiwani, kwa kuwa nauli ya asubuhi ikiokolewa ni unga wa jioni. Twapishana. Mbona basi mwendo wangu unaitwa mazoezi, na wao hauna jina?

Lugha yetu ina la kutuambia hapa. Zoezi na mazoea ni watoto wa mama mmoja, kitenzi kuzoea. Zoezi ni jambo ninalolifanya kwa kukusudia, huku najua kwamba nalifanya. Mazoea ni kinachobaki kusudi likishachoka na mwili ukaendelea wenyewe. Kwa maana hiyo kila zoezi latamani kuwa mazoea: nataka siku moja ninywe maji bila kukumbushwa. Lakini wahenga walisema mazoea yana taabu, na sidhani walikusudia tabia mbaya peke yake. Aliyezoea hatazami tena. Aliyezoea kiu haisikii.

Hilo nimelifikiri zaidi kwa sababu ya kijana anayetuuzia maji mtaani. Mifereji ikikauka, na Mombasa hilo si jambo geni, yeye hupita na mkokoteni wake umejaa mitungi ya lita 20. Mchana kutwa yumo katika mwendo, na mchana kutwa yu pamoja na maji. Ndivyo vitu viwili nilivyoandikiwa mimi. Shirika la Afya Duniani lamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na kijana huyu huzimaliza Jumatatu kabla ya adhuhuri. Mbona simwoni kuwa mfano wa afya? Nikitazama mgongo wake ulivyoinama, kwa nini naona huruma na si kijicho?

Jibu linalokuja haraka ni hiari: mimi nimechagua, yeye amelazimika. Lina ukweli, ila halinitoshi. Bibi yangu naye hakuchagua kwenda kisimani, na hatukumwona kuwa mtu aliyedhulumiwa. Akirudi, mtungi hutuliwa mahali pake kivulini, akachota kwa kata, akanywa yeye kwanza, kisha akatuita. Kazi yake ilikuwa na mwisho, na mwisho wenyewe ulikuwa kinywani mwake.

Nadhani neno ninalolitafuta ni uzima. Afya tumejifunza kuipima: presha, sukari, kilo. Uzima hauna mizani. Kitu kizima ni kisichokatwa, na mtu mzima ni aliyetimia. Uzima basi nauita hali ya mtu ambaye sehemu zake hazijatengana, ambaye mkono unaobeba maji na koo linaloyanywa vinajuana. Kwa kipimo hicho kijana wa mkokoteni amekatwa, maana mwendo wake wote ni wa nyumba za wengine. Na mimi je? Natembea kilomita kadhaa bila kumpelekea mtu kitu, narudi nilipotoka, kisha namlipa mwingine aninyanyulie mtungi. Mwendo wangu umetengwa na kazi, kazi yake imetengwa na mwili wake. Kisu ni kimoja.

Sehemu ya maji ya mji huu hutoka chemchemi za Mzima, huko Tsavo, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa, jina ambalo sikio la Mswahili haliwezi kulipita bure. Ni mvua iliyonyesha juu ya milima ya Chyulu, ikazama katika mawe ya volkano, ikachujwa taratibu gizani hadi ikachomoza safi. Maji yaliyosafiri hivyo nayameza nikiwa na haraka, jicho kwenye saa, nikihesabu bilauri kama mtu anayelipa deni. Je, mwili unapewa haki yake kwa namna hiyo, au unanyamazishwa tu?

Juzi, kijana wa mkokoteni alipokwisha kumimina mtungi wa mwisho, nilimletea maji ya kunywa.

“Kaa kwanza, mwanangu.”

“Wateja wanangoja, mama.”

“Watangoja. Maji hayanywewi wima.”

Akakaa barazani. Alishika bilauri kwa mkono wa kulia, akanywa kwa mafunda matatu, akipumua katikati, kama tulivyofunzwa sote chuoni tukiwa wadogo. Mabega yakashuka. Kwa mara ya kwanza nikaona kwamba ana kovu juu ya nyusi, na kwamba umri wake haujafika hata thelathini. Miaka miwili ananiletea maji.

Chupa yangu ya asubuhi huinywa njiani, nimesimama. Nilirudi ndani, nikaleta bilauri ya pili, nikakaa kando yake.