HOTUBA YA IJUMAA: FUNIKA CHAKULA CHAKO, USIMDHURU JIRANI

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu zangu Waislamu, ninawausia ninyi pamoja na nafsi yangu tumuogope Allah (S.W.T.), msikitini na nyumbani, hata jikoni. Chakula ni neema, na kila neema tutaulizwa Siku ya Kiyama.

Jabir bin Abdillah (R.A.) amepokea, na hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) aliamuru usiku tufunike vyombo na tufunge viriba vya maji, huku tukitaja jina la Allah. Na mtu asipopata kifuniko, basi alaze hata kijiti juu ya chombo chake. Oneni, ndugu zangu, wepesi wa dini yetu! Maskini hakuambiwa anunue kitu. Aliambiwa atumie alicho nacho.

Leo sisi wa Bukavu tunafunika kwa nini? Kwa sashe. Mama anarudi kutoka soko la Kadutu: chumvi ndani ya sashe, mafuta ya mawese ndani ya sashe, ndagala ndani ya sashe, unga ndani ya sashe, kisha zote zimetiwa ndani ya sashe moja kubwa nyeusi. Jioni bugali wa moto unafungwa ndani ya sashe usipoe. Asubuhi zote zimetupwa. Kitu kilichotumika usiku mmoja kitabaki duniani kuliko umri wa yule aliyekitupa.

Na kinakwenda wapi? Mvua ikinyesha juu ya milima yetu, maji yanazoa sashe katika mifereji na kuzishusha ziwani Kivu. Kutoka ziwani zinaingia mto Ruzizi, na mto unazipeleka kwenye baraji linalotupatia umeme. Uchafu huo umewahi kuingia mpaka ndani ya mitambo ya Ruzizi, ukaharibu mashine moja. Umeme ukikatika tunanung'unika. Lakini ni nani kati yetu anayeuliza: sashe ya nyumbani kwangu iko wapi?

Nyingine hazifiki ziwani, kwa sababu tunawashia makala. Moshi wa plastiki ni sumu. Na anayeuvuta wa kwanza ni mama anayepuliza mbabula, pamoja na mtoto aliye mgongoni mwake.

Ndugu zangu, Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba Mwislamu hadhuru wala halipi madhara kwa madhara. Ametufundisha pia kwamba kuondoa njiani kitu kinachoudhi watu ni tawi moja la imani. Sasa, ikiwa kukiondoa ni imani, kukiweka kutaitwaje? Na katika Sura ya Al-A'raf, aya ya 31, Allah ametupa ruhusa ya kula na kunywa, kisha akatukataza israfu. Kufunika chakula ni sunna. Lakini kutupa kifuniko kila siku na kununua kingine, kisha uchafu wake umwangukie mtu anayekaa chini ya mlima, hiyo ni israfu pamoja na madhara.

Mtu atasema: “Imamu, sisi ni maskini. Tunanunua kidogo kidogo, na muuzaji ndiye anayefunga.” Maneno hayo ni ya kweli, na hatumlaumu mama anayetafuta chakula cha watoto. Lakini kipimo kidogo kinahitaji chombo kidogo tu. Mtoto akitumwa kununua mafuta, apewe chupa. Akitumwa kununua chumvi, apewe kikopo. Tangu mwaka wa 2008 wenzetu wa Rwanda, ng'ambo ya Ruzizi, wamekatazwa mifuko ya plastiki. Je, wameacha kula? Wameacha kuweka unga? Na hapa kwetu amri ya serikali ya tarehe 30 Desemba 2017 imekataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia sashe hizo. Sokoni zingaliko, kwa sababu sisi tungali tunazipokea.

Basi tufanye haya, inshallah:

Kwanza, mwende sokoni na kitunga, pamoja na vifuko vya kitambaa vilivyoshonwa kwa vipande vya vikwembe vya zamani. Maharagi, mchele na ndagala vitaingia humo.

Pili, unga uwekwe ndani ya ndoo kavu yenye kifuniko, iinuliwe kidogo kutoka chini. Unyevu hautaupata, wala panya. Lakini msitumie ndoo iliyotiwa rangi au dawa ya wadudu, hata ikioshwa mara kumi.

Tatu, bugali wa moto uwekwe ndani ya bakuli, ufunikwe kwa sahani, kisha ufungwe kwa kitambaa safi. Utakaa na moto wake. Plastiki ikipata moto huachia katika chakula vitu visivyofaa mwili.

Nne, sombe au maharagi yaliyobaki yabaki katika sufuria yenye kifuniko, na sufuria iwekwe ndani ya beseni la maji baridi. Asubuhi yachemshwe vizuri kabla ya kuliwa. Na jirani mwenye njaa akiwa karibu, apelekwe usiku huohuo: hakuna akiba bora kuliko hiyo.

Enyi waume, msiwaachie wanawake peke yao jambo hili. Anayetaka sashe zitoke nyumbani kwake, anunue ndoo na vifuniko. Ndoo moja itahudumu miaka mingi, na kila siku itakayoziba nafasi ya sashe, mnunuzi wake tunamtarajia thawabu.

Ee Allah, tubariki katika chakula chetu, utuepushe na israfu, na usitujalie kuwa sababu ya taabu ya jirani zetu. Safisha mioyo yetu, nyumba zetu na ziwa letu. Amin.

Ninasema maneno yangu haya, na ninamuomba Allah msamaha kwa ajili yangu na yenu. Muombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.