Hatia Iliyokosa Toba

Ukiuliza Macbeth aliangushwa na nini, wengi watakujibu bila kusita: uchu wa madaraka. Jibu hilo ni la kweli, ila linaishia mapema mno. Tamthilia hii, ambayo Shakespeare aliiandika yapata mwaka 1606 na S. S. Mushi akaifasiri kwa Kiswahili kwa jina la Makbeth mwaka 1968, ina matendo matano, na uchu huo umeshashiba kabla tendo la pili halijakwisha. Mfalme Duncan ameuawa, wanawe wametoroka, Macbeth ameelekea Scone kutawazwa. Hakuna cheo kilichobaki cha kutamaniwa. Hata hivyo, damu iliyo nyingi zaidi humwagika baada ya hapo. Banquo, jemadari mwenzake, anaviziwa njiani usiku. Mke wa bwana mwingine wa Uskoti, Macduff, na watoto wake wanachinjwa ndani ya ngome yao wenyewe. Uskoti nzima inakuwa nchi ya wapelelezi na matanga. Basi ni kitu gani kinachoua baada ya tamaa kupata ilichokitaka? Naamini ni hatia yenyewe. Tumezoea kudhani kwamba anayesutwa na nafsi yake yu karibu kurejea. Macbeth anasutwa kuliko mtu yeyote jukwaani, na kila anaposutwa huzidi kwenda mbali.

Tuanze na jambo lisilo na ubishi: alijua. Usiku ule wa mauaji, akiwa peke yake huku wenzake wakila karamu, anayapanga makatazo yote kwa utulivu wa kadhi. Duncan ni jamaa yake, ni mfalme wake, tena ni mgeni wake, na mwenyeji kazi yake ni kumfungia muuaji mlango, si kushika kisu mwenyewe. Anakiri kwamba hana kinachomsukuma isipokuwa tamaa. Shakespeare alikusudia tuone hivyo, maana kitabu cha historia alichokitumia, kile cha Holinshed kilichotoka tena mwaka 1587, kilimpa Macbeth visingizio tele. Humo Duncan ni mfalme mlegevu, Macbeth ana malalamiko ya haki kuhusu urithi wa kiti, na Banquo ni miongoni mwa walioshiriki njama. Shakespeare aliviondoa vyote. (Kumsafisha Banquo kulikuwa pia na adabu ya kikasri: James wa Kwanza, aliyeshika kiti cha Uingereza mwaka 1603, alihesabiwa kuwa wa ukoo wa Banquo.) Kisha akachukua kisa kingine katika kitabu hichohicho, cha Donwald aliyemuua Mfalme Duff akiwa mgeni wake kwa kuchochewa na mkewe, akakipachika hapa. Mtu aliyebaki baada ya mageuzi hayo hana pa kujifichia.

Mara tu baada ya kuua, Macbeth hasumbuliwi na hofu ya kukamatwa. Kinachomsumbua ni neno moja. Amewasikia watu wawili wakizinduka usingizini, mmoja akiomba baraka ya Mungu, mwingine akiitikia amina. Naye alitaka kuitikia, neno likamkwama kooni. Anashangaa kwa nini, ilhali ndiye aliyekuwa na haja kubwa zaidi ya baraka. Mshangao wake unasema mengi. Anasimulia hayo huku visu vingali mikononi mwake. Amesahau hata kuviacha chumbani. Anaitaka rehema pamoja na alichokichukua. Katika Uislamu na katika Ukristo vilevile, toba haikamiliki kwa kujuta peke yake: mtu huacha dhambi, huazimia kutoirudia, na kama amedhulumu hurudisha haki ya mwenyewe. Claudius, mfalme muuaji katika Hamlet, analijua hilo wazi. Anajiuliza atasamehewaje huku akiendelea kuvaa taji lile na kulala na mke yule, kisha anapiga magoti. Macbeth hafiki hata kwenye magoti. Katika masharti yote hayo analo majuto tu, na majuto yakikosa mengine hubaki kuwa maumivu. Mwenye maumivu hutafuta dawa. Dawa ya Macbeth ni kumwondoa kila anayemkumbusha.

Ndiyo maana Banquo lazima afe: wachawi walipomtabiria Macbeth ufalme, yeye alisikia maneno yaleyale na akabaki na mikono safi. Kuwapo kwake tu mezani ni ushahidi. Mzuka wake unapokuja kukaa kwenye kiti cha mfalme karamuni, wageni wakatawanyika, Macbeth anamwambia mkewe kwamba ameshaingia katika damu kiasi kwamba kurudi kunachosha sawa na kuvuka. Wapo wanaoyasikia maneno hayo kama kauli ya jasiri. Mimi nasikia hesabu ya mtu aliyechoka, tena hesabu yenye kasoro, kwa kuwa hasemi kwamba kurudi hakuwezekani. Anasema ni taabu. Na anapopata habari kwamba Macduff amekimbilia Uingereza, anaapa kwamba kuanzia sasa litakalozuka moyoni litakuwa mkononi papo hapo, bila kufikiri. Kwa nini aichukie fikra? Kwa sababu kwenye kufikiri ndiko hatia inakopitia. Mauaji ya familia ya Macduff hayampi usalama wowote, maana adui mwenyewe ameshaondoka. Yanampa shughuli.

Kwa watakaosema kwamba wachawi ndio waliopanga yote, jibu ni fupi. Walimtabiria ufalme, hawakumwagiza kuua. Na ubwana wa Cawdor, waliomtabiria kwa pumzi hiyohiyo, ulimjia bila yeye kuinua kidole. Yeye mwenyewe alisema mwanzoni kwamba ikiwa bahati inamtaka awe mfalme, basi bahati na imtawaze. Kumlaumu mkewe nako hakufiki mbali. Alimsukuma kweli, na kwa maneno makali, lakini njama ya kumuua Banquo alifichwa. Swali gumu zaidi kumhusu ni hili: kama hatia huua, mbona yake haikuwaua wengine? Yeye aliifungia ndani hadi ikamtokea usingizini, akawa ananawa mikono isiyo na kitu, na daktari aliyekesha akimtazama akasema mgonjwa huyu anamhitaji kasisi kuliko tabibu. Mume aliikimbia hatia nje, mke akaizika ndani. Kasisi hakuitwa na yeyote.

Pingamizi lenye uzito ni kwamba ninachokiita hatia ni woga tu, na kwamba kila dikteta huua ili adumu. Siukatai woga. Lakini Holinshed mwenyewe anaeleza ulikotoka: baada ya miaka kumi ya utawala mwema, Macbeth alianza kuchomwa na dhamiri na kuogopa asije akanyweshwa kikombe alichomnywesha Duncan. Aliyemuua mgeni wake hawezi tena kumtazama mgeni kwa amani. Nakubali pia kwamba historia haimuungi mkono Shakespeare. Macbeth wa kweli alitawala kuanzia 1040 hadi 1057, Duncan alikufa vitani, na mwaka 1050 Macbeth alikwenda Roma akawagawia maskini fedha. Nakubali tena kwamba wauaji wengi hulala usingizi mnono. Ila tamthilia haiwazungumzii hao. Inamzungumzia mwenye dhamiri iliyo hai, na ndiyo sababu inapaswa kumtisha mcha Mungu kuliko mhalifu sugu.

Linabaki swali kama njia ya kurudi ilikuwapo kweli, maana kukiri kungemgharimu kichwa. Shakespeare alilijibu mapema, kwa mistari michache ambayo wengi huipita. Bwana wa Cawdor wa kwanza alikuwa msaliti. Kabla ya kuuawa alikiri waziwazi, akaomba msamaha wa mfalme, akaonyesha toba ya kina, hata Malcolm, mwana wa Duncan, akasema hakuna alichokifanya vizuri maishani kama kuyaaga. Macbeth alirithi cheo cha mtu huyo na usaliti wake, na mfano ule wa mwisho akauacha. Duncan asingefufuka, lakini mwenye haki ya kiti alikuwa hai ng'ambo ya mpaka. Siku ya mwisho, anapokutana na Macduff, Macbeth anamwambia arudi nyuma kwa kuwa nafsi yake imeshalemewa na damu ya watu wa Macduff: tangu Duncan afe, ndiyo mara pekee hatia inauzuia mkono wake badala ya kuusukuma. Kisha utabiri wa mwisho wa wachawi aliouegemea unavunjika, anakataa kupigana, na Macduff anampa nafasi ya kujisalimisha, aishi awe kioja cha watu. Nafasi hiyo anaikataa, na sababu anaitaja mwenyewe: hatabusu ardhi mbele ya miguu ya kijana Malcolm, wala hatakubali kuzomewa na makabwela. Kufa yuko tayari, mradi asipige magoti.