Je, Yohana Mbatizaji Angetuambia Nini?

Wakristo niliofanya nao kazi kwenye mashine za kamari hapa Nakuru waliijua vizuri sura ya tatu ya Injili ya Luka, hata wale wa kuonekana kanisani Krismasi peke yake. Watoza ushuru wanamwendea Yohana Mbatizaji na kumuuliza wafanye nini. Hawaambii waache kazi. Anawaambia wasitoze zaidi ya walivyopangiwa. Askari nao wanauliza, wanajibiwa wasimdhulumu mtu, na waridhike na mshahara wao. Hapo ndipo tulipojificha. Kama mtoza ushuru wa enzi za Warumi aliachiwa kazi yake, fundi wa mashine ana kosa gani?

Nilikuwa fundi. Kampuni iliweka mashine kwenye baa na maduka ya mitaani, kuanzia Kaptembwa na Rhonda hadi Free Area, kisha Njoro, Molo, na Salgaa wanakolala madereva wa malori. Zilimeza sarafu ya shilingi 20, ile tunayoita mbao. Nilizifungua, nikasafisha njia ya sarafu, nikabadilisha bodi iliyoungua, kisha nikasimama kando mkusanyaji akihesabu. Mwenye duka alikatiwa fungu lake palepale.

Wengi hudhani mashine huiba kwa hila. Haihitaji hila. Ndani mna chipu inayotoa namba bila mpangilio, na hesabu ya malipo imepangwa kabla mashine haijafika dukani. Chukua mfano wa mashine iliyopangwa kurudisha shilingi 80 katika kila 100 inayoingia. Leo inaweza kumpa mtu mmoja 2,000, akawanunulia soda wote waliomo. Lakini ukihesabu maelfu ya mizunguko, shilingi 20 katika kila 100 hubaki ndani, na anayerudisha alichoshinda hukatwa tena, na tena, mpaka mfuko uishe. Mzunguko mmoja haujui uliotangulia. Kuna kijana mmoja wa mkokoteni aliyekuwa akikataa kuondoka jioni kwa sababu mashine, kwa maneno yake, imeshiba, lazima itatapika. Mashine haishibi. Mimi nilijua hivyo, yeye hakujua, na sikulipwa nimwambie.

Ndiyo maana naona jibu la Yohana halituhusu. Mtoza ushuru anaweza kutoza kiasi kilichopangwa na asiongeze. Ipo namna ya kuifanya kazi yake bila dhuluma. Mashine isiyochukua zaidi ya inachorudisha, mwenyewe ataiondoa kesho. Dhuluma hapo hailetwi na mfanyakazi mbaya. Mfanyakazi mzuri ndiye anayeifanya iende bila kukwama.

Kwa hiyo mimi huipima kazi kwa kuuliza: akiifanya mtu mwaminifu kabisa, itasimama? Kinyozi mwaminifu bado ananyoa. Dereva wa matatu mwaminifu bado anafikisha abiria Gilgil. Hata mwenye baa, ingawa wahubiri wetu hawatapenda kusikia, anaweza kumnyima mlevi chupa ya tano na kesho akafungua tena. Fundi wa mashine mwaminifu angebandika karatasi kwenye kioo: ukicheza muda mrefu, utapoteza. Angefutwa kabla ya saa sita mchana.

Wenzetu Waislamu hawakuwa na Luka wa kujifichia. Aya ya 90 ya sura ya Al-Maida inaiweka kamari pamoja na pombe katika kazi za shetani, na aya ya 2 ya sura hiyohiyo inakataza kusaidiana katika dhambi. Keshia mmoja wa Bondeni alizijua zote mbili. Mshahara wa kampuni aliulipia nyumba na kununulia unga. Pesa ya hija ya mamake aliiweka mbali, nayo ilitoka kwenye mahamri aliyokaanga alfajiri kabla ya kuja kazini. Nikamuuliza, kama ni haramu, mbona kodi unailipa nayo? Akanijibu, "Kaka, kodi nadaiwa na mwenye nyumba, na yeye hachagui. Huyu mwingine anachagua."

Wakati huo niliona anakwepa. Sasa naona alikuwa mkweli kuliko mchungaji niliyemuuliza kama fungu langu la kumi linafaa. Kumbukumbu la Torati 23 inakataza ujira wa kahaba kuletwa nyumbani mwa Bwana, na nilitaka kujua kama ujira wa mashine uko mbali sana na huo. Alicheka, akasema pesa ikishaingia kikapuni imetakasika. Mabati ya kanisa yalikuwa bado hayajatimia.

Kampuni haikufa siku moja. Mwaka 2018, Fred Matiang'i akiwa Waziri wa Usalama wa Ndani, mashine zilianza kunaswa mitaani, na katika kaunti kadhaa zikachomwa moto hadharani. Mwaka 2019 serikali ikakataa kuhuisha leseni za kampuni 27 za kubeti, na ushuru wa asilimia 20 ukawekwa kwenye kila dau. SportPesa na Betin zikafunga. Betin peke yake iliripotiwa kuachisha kazi watu wapatao 2,500. Sisi tulikuwa wadogo, tukanyauka polepole. Tulianza kung'oa bodi ya mashine moja ili kuponya nyingine. Pesa ya mafuta ya pikipiki ikakatwa, mshahara ukaja nusu, kisha hata nusu ikasitishwa.

Mkusanyaji mmoja akasema tuombe. Tukainamisha vichwa stoo, kati ya mashine zilizokufa, naye akaombea biashara ifufuke. Nikafumbua macho katikati ya sala. Biashara kufufuka maana yake nini? Ni vijana wa Rhonda warudi na mbao zao, na wa Salgaa wacheze hadi usiku wa manane. Mkulima wa viazi wa Molo akiombea mvua, shamba la jirani nalo linanyeshewa. Sisi hatukuweza kuombewa neema bila mtu fulani kuombewa hasara, na wote tuliokuwa pale tulikuwa na watoto wa kulisha. Nikasema amina. Sikuwa na sala nyingine.

Mashine zilipotoweka, mimbarani palisemwa ni ushindi. Sijui ushindi wa nani. Yule kijana wa mkokoteni sasa ana simu, na dau linatoka M-Pesa akiwa amelala kitandani, bila mwenye duka wa kumwambia anafunga. Agosti 2025 Rais Ruto alitia saini sheria mpya ya kudhibiti kamari, ikachukua nafasi ya ile ya mwaka 1966. Tutaona.

Katika shangwe hiyo sikusikia mhubiri hata mmoja akimtaja keshia. Waraka wa Yakobo, sura ya tano, unasema ujira uliozuiliwa unalia hadi masikioni mwa Bwana, na Mtume Muhammad anapokewa akiagiza mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Sioni mahali panaposema agizo hilo ni la mashamba mema peke yake. Kama mwajiri alivuna dhuluma, kutunyima ujira ni kuongeza dhuluma ya pili juu ya ya kwanza. Najua hoja inayonisubiri: pesa ya kutulipa ingetoka kwenye mbao zilezile. Kweli, na kama zingeweza kurudishwa kwa wenyewe ningekubali nikose. Lakini hazikurudi Rhonda. Zilibaki kwa mwenye kampuni.

Kwa hiyo ombi langu kwa wachungaji na mashekhe wa Nakuru ni dogo. Hubirini dhidi ya kamari, tena kwa nguvu zaidi ya mlivyofanya. Mkimaliza, mwiteni mfanyakazi wa kampuni inayofungwa, mumuulize kama amepewa notisi ya mwezi mmoja na malipo ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliofanya kazi. Ndivyo isemavyo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, na haisemi kampuni ya kamari imeachwa nje.