Mgeni wa Kazi na Desturi Anazozikuta



Mvua za masika zinapokatika, msimu wa miwa huanza katika bonde la Ruaha Mkuu. Kiwanda cha Ruembe, kilichoko upande wa Wilaya ya Kilosa, huanza kusaga, na vivyo hivyo mwenzake wa Msolwa aliye ng'ambo ya mto. Wakati huo watu wengi hufika kutafuta riziki: wakata miwa kutoka nyanda za juu za kusini, madereva, mafundi na makarani. Kwa baadhi yao hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya mshahara. Nao hukabiliwa na swali ambalo litakukabili wewe pia, uanzapo kazi popote pale: je, mgeni wa kazi azifuate desturi anazozikuta, hata zikiwa mbovu?

Tuchukue mfano wa kufikiriwa tu, wala hatumsemi mtu wala kampuni yoyote. Kijana ameajiriwa kuwa karani wa mizani. Mkulima mdogo hulipwa kwa kadiri ya uzito wa miwa yake na sukari iliyomo. Na muwa uliokwisha chomwa moto na kukatwa haungoji, bali hupoteza sukari kadiri unavyolala. Siku ya tatu mkubwa wake wa kazi amwambia kwa upole: "Mdogo wangu, hapa tunasaidiana. Mwenye haraka hutoa chochote, akapita mbele. Ndivyo tulivyoikuta kazi." Kijana afanyeje?

Wahenga walisema: Ukenda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Methali hiyo ina hekima yake. Mgeni hana budi kujifunza jinsi wenzake wanavyofanya kazi, kuwasalimu, kuwauliza, na kukubali kusahihishwa. Ajaye na kiburi, akaanza kuwahukumu watu kabla hajajua hata zana zilipo, hakuanza vema. Lakini kuna desturi za namna ya kutenda kazi, na kuna desturi zinazogusa haki ya mtu mwingine. Za kwanza ni mali ya wenyeji, nasi tuzifuate. Za pili si mali yao hata watukaribishe kuzishiriki. Nafasi iliyouzwa penye mizani si ya karani; ni ya yule mama aliyewahi alfajiri, ambaye sasa mzigo wake unakauka juani.

Labda utasema: "Mimi ni mdogo, wacha kwanza nithibitishwe kazini, kisha nitakuwa mwema." Fikiri vizuri, ndugu yangu. Anayepokea mara moja amewapa wenzake siri yake. Kesho akitaka kukataa, watamkumbusha jana. Basi kukataa siku ya kwanza ni kuzito, lakini kukataa baada ya mwaka ni kuzito zaidi.

Katika Sura Al-Qasas tunasimuliwa habari za Nabii Musa a.s. alipofika Madyan. Alikuwa mkimbizi asiye na kazi wala makao. Kisimani aliwakuta wanawake wawili wamezuia wanyama wao, wakingoja mpaka wachungaji wamalize kunywesha. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya kisima kile. Musa hakugombana na mtu. Aliwanyweshea wanyama wao, kisha akaenda kivulini, akamwomba Mola wake kheri katika uhitaji wake. Baadaye mmoja wa wanawake wale alimshauri baba yake amwajiri, kwa kuwa mwajiriwa bora ni mwenye nguvu na mwaminifu. Angalia, basi: sifa iliyompatia kazi ilionekana kabla hajaajiriwa, naye aliidhihirisha kwa kuwasaidia waliokuwa wakingoja nyuma.

Lakini sikuahidi, ndugu msomaji, kwamba kila mwaminifu hupandishwa cheo. Huenda kijana wetu akatengwa, akaitwa mwenye majivuno, hata akaipoteza kazi, na nyumbani wapo wanaomtegemea. Hofu hiyo ni ya kweli, wala tusiidharau. Ndiyo maana akatae kwa adabu, bila kelele na bila kuwatangaza wenzake barabarani. Atunze daftari lake vizuri, na awe hodari kiasi kwamba pasipatikane sababu ya haki ya kumfukuza. Nguvu bila uaminifu ni hatari, na uaminifu bila ujuzi hauwafai wanaongoja.

Mwisho, tujifunze kwa mkata miwa. Sukari nyingi imo sehemu ya chini ya muwa. Kwa hiyo hufundishwa kuinama na kukata karibu na ardhi. Anayekata juu kwa haraka huiacha sukari shambani, na zaidi ya hayo hukiharibu kisiki kinachotazamiwa kuchipua msimu ujao. Mwanzo wa kazi ni vivyo hivyo. Kuinama kwa siku za kwanza huumiza mgongo, lakini yale yatakayochipua miaka ijayo yatatoka katika kisiki hicho hicho.

Mwenyezi Mungu atujaalie nguvu na uaminifu katika kazi zetu. Amin.