Kitanda cha Jirani

Juni ni mwezi wa baridi huko Igowole, wilayani Mufindi. Ukungu hulala juu ya mashamba ya chai, na watu huota moto jikoni. Fikiria mama mmoja aliyerudi huko kutoka hospitalini baada ya upasuaji wa tumbo. Alipewa nusu kaputi, akapasuliwa, akashonwa. Ameambiwa asibebe ndoo wala kuni kwa majuma sita. Sabato alasiri washiriki wa kanisa wanafika, wanamsalimu, “Kamwene, mama,” wanaomba, kisha wanamtaka atoe ushuhuda.

Anajua wanachotarajia. Lakini usiku humkumbuka mwanamke wa kitanda cha jirani, aliyepasuliwa siku ile ile, akaombewa na mchungaji yule yule, na hakurudi nyumbani. Akisema Mungu amemponya kwa kuwa alimwamini, atakuwa amesema nini juu ya mwenzake?

Swali hili si ukosefu wa imani. Soma Isaya 38. Hezekia aliugua karibu ya kufa, akageukia ukuta, akaomba kwa machozi. Bwana akamwongezea miaka 15. Wala tiba haikudharauliwa: nabii mwenyewe aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Mfalme akaandika maneno ya shukrani, nayo ni mazuri.

Sasa soma sura ya 39. Wajumbe wa Babeli wanakuja kumpongeza kwa kupona, naye anawaonyesha hazina zake zote. Anapoambiwa kwamba wazao wake watachukuliwa mateka, anaridhika, maana siku zake yeye zitakuwa na amani. Baba gani huyo! Kwa mujibu wa 2 Mambo ya Nyakati 32:25, hakurudisha kadiri ya wema aliotendewa. Shukrani yake ilikuwa ya kweli, ila ilimtosha yeye peke yake.

Paulo naye aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, na haukuondolewa (2 Wakorintho 12:7-10). Je, imani yake ilikuwa haba kuliko ya Hezekia? Hakuna anayethubutu kusema hivyo juu ya mtume. Basi kwa nini lisemwe juu ya mwanamke aliyefia wodini?

Mama huyu anaweza kushukuru bila kudai kwamba anajua sababu. Aliongezewa damu. Mara nyingi watoaji wa damu nchini ni wanafunzi wa sekondari, na mgonjwa haambiwi jina la aliyetoa. Kuna kijana mahali fulani asiyeweza hata kumwambia asante. Nyumbani, mkwewe humwogesha, na jirani amemchumia chai isije ikakomaa shambani. Kwa mtu aliyezoea kuhudumia wengine, kuogeshwa ni kugumu kuliko kuchuma chai kutwa. Huko kukubali kubebwa, bila kuwa na cha kulipa, nako ni imani.

Kidonda bado kinamuuma akikohoa, na hawafichi wageni hilo. Anamshukuru Mungu kwa sauti ndogo, anawaomba waimbe wimbo mmoja tu. Kisha anauliza kama kuna anayepajua nyumbani kwa yule mwenzake, maana ameacha watoto.