Kabla ya Komunyo ya Kwanza: Nasaha kwa Wazazi wa Maungu

Mzazi mwenzangu, ukishamwandikisha mwanao mafundisho ya dini usidhani umemaliza. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 914, inawataja wazazi kwanza, ndipo paroko, kuwa wenye wajibu wa kuhakikisha mtoto ameandaliwa vema. Katekista humpata saa chache kwa juma. Wewe unalala naye nyumba moja.

Usimcheleweshe bila sababu. Zamani watoto waliachwa wangoje hata miaka 10, 12 au zaidi, mpaka Papa Pius wa Kumi alipotoa amri tarehe 8 Agosti 1910 kwamba yatosha mtoto afikie umri wa kupambanua mambo, kama miaka 7 hivi, ajue mafumbo makuu ya imani kwa kadiri ya akili yake, na atofautishe Ekaristi na mkate wa kawaida. Mtoto anayekariri Nasadiki bila kukwama, lakini hajui ni nani anayekwenda kumpokea, bado ana safari.

Kitubio ndicho kinachohitaji uangalifu zaidi. Watoto wengi hukiogopa, na woga huo mara nyingi tumewapandikiza sisi wenyewe kwa kuwaambia, “Ngoja nikushtaki kwa padre!” Tuache maneno hayo. Kaa na mwanao jioni, umsaidie kuipitia siku yake: alificha chenji alipotumwa dukani? Alimwaga maji ya jirani akanyamaza, hapa kwetu ambapo mtungi mmoja wa maji una gharama yake? Alimsukuma mdogo wake? Kisha aende kwanza kwa aliyemkosea, aombe radhi. Nawe ukimkaripia kwa kosa asilotenda, mwambie, “Mwanangu, nisamehe.” Hapo atakuwa ameuona msamaha kwa macho yake kabla ya kupiga magoti kwa padre. Akitoka kuungama, usimuulize amesema nini, hata kwa mzaha. Padre amefungwa na siri ile, nawe iheshimu.

Mfundishe mfungo wa saa moja kabla ya kupokea, ila umweleze wazi kwamba maji na dawa havifungui. Nimeona mtoto akikaribia kuzirai kwenye foleni kwa sababu alikatazwa hata tone la maji, na jua letu halina huruma. Tena asitembee peke yake alfajiri kwenda kanisani. Malori ya barabara kuu ya Mombasa hayapumziki Jumapili, na ndovu wa Tsavo hawana kalenda. Jumuiya ipange watoto waende kwa kundi, pamoja na mtu mzima.

Kama nyumbani kuna babu au nyanya aliyebatizwa Bura, ambako Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1892, mwombe amsimulie mjukuu jinsi alivyofundishwa sala. Somo hilo halimo katika daftari la katekista.

Kwa mtoto ambaye bado hajabatizwa, msimamizi achaguliwe kwa imani yake. Awe ametimiza miaka 16, amepata kipaimara na Ekaristi, na anaishi anavyosadiki. Kumtafuta tajiri ili alete zawadi ni kumwibia mtoto mlezi wa roho.

Kuhusu gauni jeupe na suti, usikope. Nguo safi iliyopigwa pasi inatosha, na aliyenunua mwaka jana anaweza kumwazima wa mwaka huu. Viongozi wa kigango, tafadhali msiweke sare itakayomfanya mama mjane amfiche mwanawe siku hiyo. Chakula nacho kiwe cha kadiri, na jirani Mwislamu au Mwanglikana aalikwe; mtoto asijifunze siku hiyo kuwadharau wasiosali kama yeye.

Wengi huonekana siku ya sherehe, kisha hupotea hadi Krismasi. Jumapili inayofuata, picha zikiwa bado zinazungushwa kwenye simu, mwamshe mwanao mapema vilevile, mwende Misa pamoja, na wewe mwenyewe ukapokee.