Akina Tanaka Wote Ni Ndugu?

Hebu tuulizane, wenzangu: jina ni la nani? La yule anayeitwa, au la wale wanaomwita?

Sisi tunalo neno "somo". Ukikutana na mwenye jina kama lako, papo hapo mna jambo, hata kama hamjuani. Wajapani nao walilifanya hilo kwa kishindo. Oktoba 2022 watu 178, wote wakiitwa Hirokazu Tanaka, walikusanyika Tokyo wakavunja rekodi ya dunia. Mwaka uliofuata akina Milica Jovanović 256 wa Serbia wakawapiku. Haya, furaha tupu.

Lakini Tanaka maana yake nini? Katikati ya shamba la mpunga. Basi! Raia wa kawaida waliruhusiwa majina ya ukoo mwaka 1870, na 1875 serikali ikawalazimisha. Majina mengi ya kule yametokana na ardhi namna hiyo, ndiyo maana kuna Tanaka mtu na Tanaka mahali, kama stesheni ya Tanaka mkoani Nagano. Kwa hiyo si lazima damu iwemo. Wengine wameunganishwa na tope tu.

Sasa tazama hawa wawili. Shozo Tanaka alikuwa mbunge aliyewatetea wakulima ambao mashamba yao yaliharibiwa na sumu ya mgodi wa shaba wa Ashio. Desemba 1901, akiwa ameshauacha ubunge, aliukimbilia msafara wa Mfalme Meiji barabarani, barua mkononi. Polisi wakamdaka. Kakuei Tanaka, waziri mkuu wa 1972 hadi 1974, alikamatwa 1976 kwa hongo ya ndege za Lockheed, na 1983 akahukumiwa kifungo. Ewe Tanaka, ukitembea kifua mbele kwa ajili ya Shozo, Kakuei utamkanaje? Mimi nasema uwapokee wote wawili ama uwaache wote wawili. Kuchagua mmoja ni ujanja wa mjini.

Halafu kuna wanaobebeshwa. Sheria ya Japani ilitaka mume na mke wawe na jina moja la ukoo. Haikutaja la nani, ila zaidi ya tisa katika kila ndoa kumi, mke ndiye aliyeacha la kwao. Fikiria wewe unayehangaika na kalamu: umeshachapisha hadithi zako kwa jina la Suzuki, wasomaji wanakujua, mara unaolewa na asubuhi karani anakuandika Tanaka. Huyo naye tumwite somo? Wale 178 walikwenda kwa miguu yao.

Desemba 2015 shauri hilo lilifika Mahakama ya Juu, na sheria ikapita. Majaji walikuwa 15. Wanawake kati yao walikuwa watatu, na wote watatu walisema inavunja katiba.